Magofu yaliyojificha chini ya Dar: maswali ambayo hayaishi kuulizwa

Ukitaja magofu mbele ya watu wa Dar lazima moja kati ya haya maswali litoke. Mengine ni ya wanafunzi, mengine ya watu wanaojenga, mengine ya watu wenye mambo yao. Nimeyapanga kuanzia mepesi, na pale jibu limeshatolewa kwingine nimekuelekeza huko badala ya kurudia.

MAMBO YA MSINGI

Kwani Dar ina magofu? Si mji wa juzi tu?

Mji kwa jina hili la Dar es Salaam ni wa juzi kweli. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga katikati ya miaka ya 1860, akafariki 1870 kazi haijaisha, mji ukadorora mpaka Wajerumani walipokuja wakaufanya makao makuu yao 1891. Ila watu hawakuanza kuishi hapa siku Majid alipoleta mafundi. Mzizima ilikuwepo tayari, kijiji cha wavuvi na wakulima kwenye ile pwani ya upande wa Ocean Road, na kaskazini na kusini mwake kulikuwa na makazi mengine ya Waswahili kama Kunduchi, Msasani, Mbwamaji na Kimbiji, na Kunduchi peke yake ina msikiti wa tangu karne ya 15. Leo yote hayo yako ndani ya mkoa wa Dar, yamezungukwa na nyumba za kupanga, hoteli, gereji na viwanja vyenye bango la "kiwanja hiki hakiuzwi".

Sasa "chini ya mji" maana yake nini, kuna mji mwingine umefukiwa huko chini?

Hapana, na hapa ndo wengi wanavunjika moyo. Usitegemee uchimbe Kariakoo ukutane na barabara za mawe na vyumba kama Roma. Nyumba nyingi za pwani zamani zilikuwa za miti na udongo, paa la makuti, na mawe yalitumika zaidi kwa msikiti, makaburi ya watu wazito na nyumba chache za wenye uwezo. Nyumba ya udongo ikiachwa inaanguka inarudi kuwa udongo, basi, baada ya miaka mia hakuna ukuta wa kuuona.

Kinachobaki ni takataka za watu. Ukisimama kwenye shimo la choo lililochimbwa leo asubuhi sehemu ambayo zamani ilikuwa kijiji, angalia ukuta wa shimo na sio chini: juu kuna mchanga wenye mifuko ya plastiki na vipande vya tofali za saruji, halafu mchanga mtupu, halafu unakuta mstari mweusi mweusi wa majivu na mkaa umechanganyika na makome, miiba ya samaki, na vigae vya vyungu vyenye michoro ya mistari iliyokwaruzwa kabla chungu hakijachomwa. Huo mstari ndo mji wenyewe. Fundi anaupiga sururu dakika mbili umeisha, na hakuna aliyejua.

Watu wa kwanza kabisa kuishi maeneo haya ni wa lini?

Ukanda huu wa pwani, kuanzia mto Mpiji kule mpakani na Bagamoyo mpaka Kimbiji kusini, una dalili za wakulima na wafua chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuyafuatilia haya mambo, na kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu pwani ya Tanzania kinazungumzia hiyo miaka elfu ya kwanza. Ushahidi wenyewe si wa kupiga nao selfi: ni vyungu vilivyovunjika na mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yenye matundu yanayobaki mtu akiyeyusha chuma. Watoto wanayapiga teke njiani wakidhani ni mawe ya kawaida.

Nani walikuwa wanaishi Mzizima na hiyo miji mingine?

Washomvi pwani na Wazaramo bara yake, kwa kifupi. Washomvi walikuwa Waswahili wenye miji ya ufukweni, wanaishi kwa samaki, chumvi na biashara ya majahazi. Wazee wanasimulia kwamba Wakamba walipowavamia, Washomvi wakamwita Pazi Kilama, kiongozi wa Wazaramo kutoka bara, awasaidie, akawafukuza, na tangu hapo Washomvi wakawa wanatoa kanda, yaani ushuru wa kila mwaka, kwa ukoo wa Pazi. Ni hadithi ya mdomo na kila mzee ana namna yake ya kuisimulia, lakini inakuambia kitu ambacho mawe hayasemi: mji wa pwani haukusimama peke yake bila watu wa bara.

Magofu haya yalijengwa na Waarabu au Waajemi?

Swali hili linaleta ugomvi kila mahali, kwa hiyo nitajibu kwa utaratibu. Zamani wasomi wa kikoloni walipenda kusema wageni walikuja na mji wao mfukoni. Wachimbuaji wakaja kuona vingine: kule Shanga, kisiwani Pate nchini Kenya, chini ya msikiti wa mawe walikuta misikiti midogo ya miti iliyotangulia, ikirudi nyuma mpaka karne ya 8, na vyungu vyake ni vya wenyeji. Yaani mji ulikua taratibu kutoka kijiji cha wenyeji, haukushushwa kwenye jahazi.

Ila pia si kweli kwamba hakuna mgeni aliyechanganyika. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale kutoka pwani, wakiwemo waliozikwa Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Ukaonyesha wengi wana asili ya Kiafrika kwa zaidi ya nusu, hasa upande wa mama, na upande wa baba kuna asili ya Asia, nyingi yake Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo bibi zetu walikuwa hapahapa na baadhi ya babu walikuja na pepo za kaskazi. Anayekwambia ni upande mmoja tu ana lake jambo.

MAWE, CHOKAA NA MABAKULI

Hayo mawe yalitoka wapi, mbona Dar ni mchanga mtupu?

Ni matumbawe. Kuna aina mbili, ile ngumu inayochimbwa nchi kavu (ndiyo ileile iliyokuwa ikipondwa kokoto Kunduchi Mtongani), na ile laini inayotolewa baharini ikiwa bado mbichi. Hii ya baharini ikiwa na maji inachongeka vizuri kwa shoka dogo, ikikauka inakuwa ngumu, ndo maana vibla (mihrabu za misikiti) na nakshi za makaburi vilichongwa kwayo. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo kubwa la magogo. Boriti za dari ni mikoko, na upana wa vyumba vya zamani ulifuata urefu wa boriti, ndo maana ni virefu na vyembamba.

Ujanja wa haraka wa kutambua ukuta wa zamani: angalia kinachoshika mawe. Chokaa ya zamani ni nyeupe inayoelekea rangi ya maziwa, ina vipande vya makome na mkaa ndani, na inamomonyoka ukiiparaza (usiiparaze). Ukiona kijivu cha simenti, hapo pamekarabatiwa au ni pa juzi, kiwanda cha saruji cha Wazo Hill chenyewe kimeanza kuzalisha 1966.

Kwenye makaburi kuna matundu ya duara kama yamechongwa kwa sahani. Ni ya nini?

Ni sahani kweli. Watu wa pwani walikuwa wanapachika mabakuli ya kauri kutoka China kwenye nguzo na kuta za makaburi wakati chokaa bado mbichi, ya kijani kwa yale ya zamani zaidi, ya buluu na nyeupe kwa ya baadaye. Ilikuwa ni heshima kwa marehemu na pia tangazo la uwezo wa familia, bakuli limetoka China limepita bandari ngapi mpaka kufika Kunduchi halafu unaliacha kaburini.

Ukikaribia lile tundu utaona mviringo mdogo katikati, alama ya kitako cha bakuli imebaki kwenye chokaa kama muhuri. Bakuli lenyewe halipo. Mengine yalichukuliwa yakahifadhiwe makumbusho, mengine yaliibiwa na watu wenye bisibisi, na mara nyingi mwizi analivunja wakati analibandua, anaondoka na vipande visivyouzika. Hapo kwa kweli hasira zinanipanda.

KWENDA KUONA

Nianzie wapi kama nina siku moja tu?

Anza mjini, Boma la Kale, kona ya Sokoine Drive na Morogoro Road. Ukipanda mwendokasi shuka kituo cha City Council. Lilijengwa 1866 hadi 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid, ambaye jumba lake lilikuwa jirani hapo (jumba lenyewe halipo, na watu wanapita juu ya mahali pake kila siku wakikimbilia boti ya Zanzibar). Kuta ni nene za matumbawe, milango ni ya nakshi ya Zanzibar, na ndani kuna kituo cha urithi wa majengo ya Dar ambacho kina maonyesho mazuri ya mji ulivyokua. Karibu na hapo kuna Atiman House, nayo ya matumbawe, imepewa jina la Dk. Adrian Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi akakombolewa na kuishia kuwa daktari wa wamisionari kule Karema, Ziwa Tanganyika.

Mchana nenda Makumbusho ya Taifa, afu kama jua bado lipo, Kunduchi.

Kunduchi nafikaje, na kuna nini hasa?

Panda daladala ya njia ya Bagamoyo inayokwenda Tegeta, shuka Mtongani, chukua bajaji au boda umwambie magofu. Akikupeleka hotelini mwambie sio hoteli, makaburi ya zamani. Ni kama kilomita ishirini na kitu kutoka Posta ila kwa foleni ya Mwenge usihesabu kilomita, hesabu saa.

Kuna mabaki ya msikiti wa mwishoni mwa karne ya 15, na makaburi ambayo mengi ni ya karne ya 18, yenye nguzo na nakshi, katikati ya mibuyu. Mibuyu ndo kitu cha kuangalia kwa makini. Mizizi haijali nakshi, inaingia kwenye ufa wa chokaa kidogokidogo mpaka jiwe linainama. Ukiukata unaharibu mandhari na shimo la mzizi likioza kaburi linatitia, ukiuacha unaendelea kusukuma. Hakuna jibu jepesi hapo na wahifadhi wanalijua hilo.

Na Mbwamaji?

Kigamboni, kata ya Somangila, upande wa Gezaulole. Pita kivuko cha Magogoni au daraja la Nyerere, uendelee kusini na barabara ya pwani. Ni pa kimya kuliko Kunduchi na hakuna pilikapilika za utalii, kwa hiyo fika serikali ya mtaa kwanza ujitambulishe, watakupa mtu wa kukupeleka. Mpe chochote, usisubiri akuombe.

Nikitaka makubwa zaidi ya haya?

Kaole, kilomita kama 5 kusini mwa Bagamoyo mjini, msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, unaenda asubuhi unarudi jioni. Halafu Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, karibu kilomita 300 kusini mwa Dar, urithi wa dunia tangu 1981. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331 akausifu mji. Ukishaiona Husuni Kubwa, jumba la kale la masultani wa Kilwa, utarudi Kunduchi ukaiona ndogo, lakini Kunduchi ndo ya kwetu.

Nivae nini, na kuna masharti?

Kumbuka haya ni makaburi na misikiti, sio bustani. Nguo ya heshima, kinadada mtandio uwe karibu, usikalie kaburi, usipande nguzo, na usile chipsi juu ya mihrabu (nimeona). Viatu vya kufunika vidole maana kuna nyasi, miiba na nyoka. Masika, kati ya Machi na Mei, njia zinakuwa tope na majani marefu. Juni mpaka Oktoba ni raha.

Naruhusiwa kupiga picha? Na drone?

Picha za simu za kwako mwenyewe kwa kawaida si shida, uliza mhusika aliyepo. Picha za biashara au video ya muziki ni kibali. Drone ni kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na usijaribu kuirusha mjini karibu na Ikulu au bandari, hapo hutaulizwa mara mbili.

KUCHIMBA, KUOKOTA NA SHERIA

Nimeokota kigae ufukweni. Ni changu?

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, hata kama hakuna bango wala uzio. Kwa hiyo hapana. Na hata ukiacha sheria, kigae kikitoka mahali pake kinakuwa takataka tu, kilikuwa na maana kwa sababu kilikaa na kile kingine. Piga picha, weka alama ya eneo kwenye simu, kiache.

Nachimba msingi nimekuta vyungu, shanga au mifupa. Nifanye nini?

Simamisha sururu sehemu hiyo tu, sio lazima usimamishe saiti nzima. Piga picha ukiweka kitu cha kupimia kama rula au hata kalamu. Usioshe, usigundishe, usigawe kwa mafundi. Toa taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya, mkuu wa wilaya au Idara ya Mambo ya Kale moja kwa moja, sheria inakutaka utoe taarifa. Kama ni mifupa ya binadamu anza na polisi, maana wewe huwezi kujua ni ya miaka mia tano au ya mwaka jana.

Hofu ya kila mtu ni "wataninyang'anya kiwanja". Ndo maana vitu vingi vinafukiwa usiku na zege linamwagwa asubuhi. Maoni yangu: wajenzi wakubwa hawana kisingizio, miradi yao inatakiwa kufanyiwa tathmini ya mazingira kwa sheria ya 2004 na mambo ya urithi yaangaliwe humo kabla ya greda kuwashwa. Mwenye kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini ndo anahitaji kuelekezwa bila kutishwa.

Kiwanja nilichonunua kina kaburi la zamani. Naweza kulisawazisha?

Usithubutu. Kama ni la kale soma jibu la kigae hapo juu. Kama ni la karibuni lina wenyewe. Hata serikali ikihitaji eneo kwa kazi ya umma, kuna sheria ya kuhamisha makaburi ya 1969 yenye utaratibu wake. Na makaburi mengi ya Kunduchi na Mbwamaji yanayoitwa "magofu" kwenye ramani kuna watu wa mtaa huohuo wanaoyaita ya babu zao. Uliza wazee kabla ya kununua, dalali hatakwambia.

Nina mlango wa nakshi wa nyumba ya babu, mteja wa nje anautaka.

Milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940 kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki imetajwa kwenye sheria hiyohiyo ya mambo ya kale. Usiusafirishe wala kuubandua mpaka umewauliza Idara.

Naweza kutumia mashine ya kutambua chuma kwenye magofu?

Hapana. Kuchimba kunahitaji leseni, na leseni inatolewa kwa watu wa utafiti.

YALE YA MITAANI

Ni kweli kuna mahandaki chini ya Posta yanayotoka kanisani mpaka baharini?

Kila mtu ana mjomba aliyeyaona. Fikiria tu: eneo la bandari ni mchanga na matumbawe, maji ya ardhini yako karibu, maghorofa ya pale yakichimbiwa msingi pampu zinafanya kazi usiku na mchana. Kungekuwa na mtandao wa mahandaki, hizo ekskaveta zingekuwa zimeshatumbukia. Wengi wanachanganya na chumba cha chini cha Mangapwani, Zanzibar, ambacho kipo kweli na kilitumika kuficha watumwa.

Na baharini kuna kitu?

Kipo cha vita. Agosti 1914 Wajerumani walizamisha gati lao linaloelea ili kuziba mlango wa bandari, na meli yao ya upimaji Möwe wakaizamisha wenyewe isitekwe. Mwishoni mwa mwaka huo meli za Waingereza zikapiga mji, nyumba ya gavana ikaharibika, na Ikulu ya leo imejengwa upya hapo 1922.

Kuna dhahabu ya Mjerumani imefukiwa Dar?

Sarafu maarufu ya dhahabu ya Mjerumani ni ya rupia 15, yenye tembo, ilipigwa Tabora 1916 kwenye karakana ya reli kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, jumla kama elfu kumi na sita. Waingereza waliichukua Dar Septemba mwaka huohuo, Wajerumani wakiwa wanarudi nyuma na kila walichoweza kubeba. Sasa niambie nani angeacha sanduku chini ya mbuyu wa Kunduchi.

Zile rupia ambazo watu wanadai zinavuta mchele au zina zebaki ya mabilioni ni utapeli mtupu. Utaratibu wao ni mmoja: kuna "mzee" ana mzigo, kuna "mzungu" anasubiri hotelini, na katikati unahitajika wewe utoe hela ya vipimo. Ukifika hapo kwenye vipimo, zuia namba. Ubaya ni kwamba watu hawahawa ndo wanaokwenda usiku kuchimba makaburi ya kale kutafuta "alama".

Kuna majini kwenye magofu?

Utakuta ubani, vitambaa vyekundu na vyeupe, sahani yenye maji ya mawaridi. Kuna watu wanakwenda kufanya dua na mambo yao, na wamekuwa wakifanya tangu zamani. Usiguse, usirekodi, pita. Kama kuna kitu kimewazuia vibaka kubomoa makaburi yaliyobaki miaka yote hiyo ambayo hapakuwa na mlinzi, ni hiyo hofu, kwa hiyo mimi siikejeli.

Mwanangu anataka kusomea haya mambo, kuna kazi?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha akiolojia tangu miaka ya 1980. Kazi si nyingi, ila miradi ya barabara, mabomba na reli inahitaji watu wa kufanya tathmini, na makumbusho nayo yanachukua. Asome historia na jiografia vizuri, ajue kuchora ramani kwa kompyuta, na ajiandae kukaa juani akipepeta mchanga kwenye chekeche siku nzima kwa ajili ya shanga moja.